Mgeni Njoo, Mwenyeji Afungwe

Ukitoka Singida mjini kuelekea Manyoni, ukiisha kuzipita Ikungi na Issuna, utafika Mkiwa. Abiria wengi wa basi hawaamki usingizini kwa ajili ya Mkiwa. Lakini hapo ndipo barabara inapochepuka kwenda Itigi, na kutoka Itigi inaingia katika vichaka mashuhuri vya eneo hilo, vilivyosongamana kiasi kwamba mbuzi akipotelea humo mwenyewe humtafuta kwa masikio, si kwa macho. Mbele ni Rungwa, pori la akiba, makao ya tembo na mbung'o. Mbele zaidi Makongolosi, Chunya, na mwisho Mbeya. Mtu anayetaka kutoka Arusha hadi mpaka wa Zambia bila kuonana na Dodoma wala Iringa, njia yake ni hii: Babati, Katesh, Singida, Itigi, Rungwa, Mbeya.

Nani atakaye hivyo? Warina asali, wachuuzi wa kuku, wenye malori ya mbao. Na yeyote asiye na karatasi za kumwonyesha askari.

Tumchukue mama mmoja anayeishi kando ya njia hiyo. Simpi jina kwa sababu nimemtunga mimi. Alfajiri anatoka na ndoo yake, anakuta vijana watatu wamejikunyata chini ya mti. Midomo imepasuka, viatu vimekwisha. Kiswahili hawana. Mmoja anasema neno ambalo mama halielewi, kisha anapeleka kiganja kinywani, na hapo hakuna tena cha kutafsiri.

Mama anajua mambo mawili. La kwanza alirithishwa na bibi yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili alilisikia kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji akisoma karatasi yenye mhuri: atakayewahifadhi wahamiaji haramu, sheria itachukua mkondo wake. Kata ya maji imo mkononi. Afanye nini?

Mikutano ya viongozi kuhusu suala hili huzungumzia mipaka, usalama na mitandao ya wahalifu. Sijasikia hata mmoja ukimzungumzia huyu mwenye kata.

Vijana wale, kama ni wa kundi linalopita sana katika ukanda wetu wa kati, wametoka kusini mwa Ethiopia, hasa kwa Wahadiya na Wakembata, pande za mji wa Hosaena. Ni nchi ya vilima, ya wakulima wanaogawana mashamba madogo yanayozidi kuwa madogo kila baba anapofariki. Zamani kidogo wachache walifika Johannesburg, wakafungua vibanda vya nguo na mablanketi, mtaa wa Jeppe ukajaa harufu ya kahawa ya kwao. Wakatuma pesa. Kijijini ikaota nyumba ya bati jipya, na jirani wa nyumba ile akaanza kumtazama mwanawe wa kiume kwa jicho la hesabu. Kuna mtu wa kati anayepanga safari, na kwa Kiamhari anaitwa delala. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Ni dalali yuleyule wetu. Neno moja la Kiarabu limeshuka kwa njia mbili, na kazi yenyewe haikubadilika njiani.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilitoa taarifa iliyokadiria kwamba wanaume kati ya 17,000 na 20,000 kutoka Pembe ya Afrika husafirishwa kwa magendo kwenda Afrika Kusini kila mwaka. Hadi Nairobi safari hiyo haina siri kubwa, maana Mhabeshi hahitaji viza kuingia Kenya. Siri inaanzia mpaka wa Tanzania. Mchana alikuwa abiria. Usiku huo anakuwa mzigo.

Mzigo hauombi kwenda haja. Mzigo hauulizi kama dirisha linafunguka. Mwishoni mwa Juni 2012 wanakijiji wa Chitego, wilayani Kongwa, walikuta maiti zaidi ya 40 zimetupwa porini. Walikuwa wasafiri kutoka Pembe ya Afrika, wengi wao Waethiopia, waliofungiwa ndani ya lori lililokuwa likielekea kusini. Walikosa hewa. Makumi ya wengine walikutwa hai, hoi kwa njaa na kiu. Dereva hakuwapo, aliwashusha wafu na wazima mahali pamoja, akaondoka.

Kongwa iko Dodoma, si Singida. Lakini hadi mwaka 1963 Singida na Dodoma zilikuwa chini ya Jimbo moja la Kati, na mpaka wa mkoa si kitu kinachoonekana kutoka ndani ya lori lililofungwa turubai. Siku zile nchi nzima ilishtuka. Watu walimlaani dereva, na hakika alistahili laana. Ila mimi nimekuwa nikijiuliza swali jingine ambalo halimsafishi dereva hata kidogo: kwa nini hakufungua milango mapema?

Jaribu kuwaza kama yeye. Unasikia watu wanagonga mabati nyuma. Ukisimama mbele ya kituo cha afya, ukafungua, wengi watapona. Nawe utakuwa umejikabidhi mwenyewe. Ukisimama porini gizani, ukawamwaga, ukakanyaga mafuta, huenda ukafika kwako kesho kutwa. Sheria inayoweka adhabu kubwa bila kutofautisha aliyeokoa na aliyetupa imemnong'oneza dereva ushauri wake tayari.

Na adhabu ni kubwa kweli. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ilitungwa mwaka 1995 na kufanyiwa marekebisho mazito mwaka 2015, yaani baada ya Chitego. Leo anayesafirisha wahamiaji kwa magendo hukabiliwa na faini isiyopungua Sh20 milioni au jela miaka 20. Gari pia linaweza kutaifishwa. Ukisoma habari za mahakama za mikoa ya kaskazini, kati na nyanda za juu kusini, utaikuta hukumu hiyo imeandikwa karibu kwa maneno yaleyale: miaka 20 au milioni 20. Anayelipa ni nadra kuwa dalali mkubwa. Dalali mkubwa yuko Nairobi au Addis Ababa na simu tatu. Anayesimama kizimbani ni utingo, dereva wa kukodiwa, kijana wa bodaboda aliyeambiwa atapewa Sh30,000 kuwavusha watu kutoka kichaka hiki hadi kile.

Miaka iliyofuata, wasafiri waliendelea kupita na bei ya safari ikazidi kupanda, kama inavyopanda bei ya kitu chochote ambacho mwuzaji wake anaweza kufungwa. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lililotoka Malawi lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Waliokuwa hai ni 14 tu. Oktoba 2022 kaburi la pamoja la watu waliodhaniwa kuwa Waethiopia liligunduliwa Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huohuo miili 27 ilikutwa imetupwa kando ya barabara nje kidogo ya Lusaka. Ni barabara ileile ya Chitego, imesogea kusini tu.

Sasa turudi kwa mwenye kata ya maji.

Sheria yetu haimtaji kwa jina, na sidhani mbunge aliyepiga kura ya ndiyo alikuwa anamfikiria yeye. Lakini inalo kosa la kumhifadhi mtu ambaye unajua, au una sababu ya kuamini, kwamba yumo nchini kinyume cha sheria. Kumhifadhi ni nini? Kumlaza sebuleni wiki nzima, hapana ubishi. Kumwacha alale ghalani usiku wa mvua? Kumpa ugali na mlenda akala amesimama? Kumwonyesha njia ya zahanati? Wakili mzuri anaweza kukutetea kwa kila moja ya hayo, ila mama wa vichaka vya Itigi hana wakili. Anaye mwenyekiti wa kitongoji, anao majirani, na miongoni mwa majirani hakosekani mmoja mwenye ugomvi naye wa mpaka wa shamba.

Kwa hiyo anafanya nini? Anageuza ndoo, anarudi ndani, anafunga mlango. Au anawapa maji kisha anatuma mtoto kwa mtendaji, ili akiulizwa aweze kusema nilitoa taarifa. Au anawapa maji na hasemi kitu, na wiki nzima kila pikipiki inapounguruma moyo unamruka. Sioni jibu jema kati ya hayo matatu. Mtu aliyekuwa na jambo moja la kufanya, tena la kheri, amegeuzwa askari, mtoro wa huruma, au mhalifu.

Na wako wengine. Mwenye gesti ya vyumba sita anayeandika wageni katika daftari na kulazimika kubahatisha nani Mtanzania kwa kumtazama pua. Mganga wa zahanati ambaye mgonjwa wake yuko chini ya ulinzi. Hakimu anayesoma mashtaka kwa Kiswahili, mkalimani akiyageuza kwa Kiamhari, kwa mshtakiwa ambaye lugha ya mama yake ni Kihadiya na Kiamhari alikisikia shuleni kwa miaka minne. Mtu anakiri kosa kwa kutikisa kichwa. Shauri limekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Hapa niseme neno kuhusu neno. Tunawaita wahamiaji haramu, na tumezoea hata hatusikii tena. Kwa Mswahili haramu si kitu kisicho na kibali tu. Haramu ni nguruwe kwa Mwislamu, ni mali ya wizi, ni mtoto tuliyemwonea kwa kumwita mwanaharamu kwa kosa lisilo lake. Gari lisilo na bima hatuliiti gari haramu. Mfanyabiashara aliyekwepa kodi hatumwiti mchuuzi haramu. Tena mara nyingi tunamwita mheshimiwa. Kijana wa miaka 19 aliyevuka mpaka bila mhuri tumempa neno zito kuliko tendo lake, na mtu akishakuwa haramu, nani atamgusa?

Mkoa wa Singida ungekuwa wa mwisho kulikubali neno hilo, kama mikoa ingekuwa na kumbukumbu. Sensa ya 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 2, na si wengi wanaojua wamekaa juu ya nini. Hapa na wilaya za jirani ni mahali adimu barani Afrika ambapo lugha za koo kubwa nne hukutana sokoni: Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni za Kibantu, Kibarbaig, ambacho ni cha Kiniloti, Kiiraqw, lugha ya wale tunaowaita Wambulu, ambacho ni cha Kikushi, na Kihadza, kinachosikika Mkalama, chenye sauti za kugonga ulimi na kisicho na ndugu anayejulikana. Hao Wakushi walitoka wapi? Kaskazini, pande za Ethiopia, wakishuka taratibu na ng'ombe wao kufuata Bonde la Ufa. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha matokeo ya vinasaba vya mtu aliyezikwa Luxmanda, Babati, miaka takriban 3,100 iliyopita, na asili yake ilihusiana na wafugaji hao wa kaskazini. Babati, Katesh, Singida. Njia haijabadilika. Hakukuwa na kizuizi wakati ule, labda simba.

Ndiyo maana msako wa wahamiaji katika ukanda huu una kichekesho kisichochekesha. Mmbulu au Mbarbaig mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya maji ya kunde na Kiswahili cha kukwaruza, akikutwa kwenye basi bila kitambulisho cha NIDA, ana kazi ya kuthibitisha kwamba yeye si Mhabeshi. Athibitisheje? Uso wake ndio ushahidi dhidi yake. Hatumdai Mzaramo uthibitisho huo. Sheria iliyokusudiwa mgeni humpitia kwanza mwenyeji anayefanana naye.

Tena Singida inajua kuishi kwa karatasi. Wakati wa mkoloni mkoa huu haukuhesabiwa kuwa nchi ya kulima mazao makubwa. Ulihesabiwa kuwa ghala la watu. Wanyaturu na Wanyiramba walikwenda Tanga kukata mkonge, wakapewa kipande cha siku 30 za kazi na namba ya kuitwa. Kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kilichowafuata watu bara na kuwasafirisha kama shehena. Babu aliyeondoka na kurudi baada ya miaka mitano na baiskeli moja na kifua kibovu hakuitwa haramu, maana mwenye shamba alimhitaji. Tofauti kati yake na kijana wa Hosaena ni kwamba yule wa kwanza alivuka wilaya na wa pili amevuka nchi. Njaa ni ileile na ndoto ya baiskeli ni ileile.

Kuna kisa kimoja ambacho, ningekuwa na uwezo, ningekibandika katika kila ofisi yenye mihuri. Januari 1962 mwanamume mmoja aliondoka Afrika Kusini bila pasipoti, akavuka Bechuanaland, Botswana ya leo, akatua Mbeya kwa ndege ndogo. Serikali changa ya Tanganyika haikumkamata. Alifika Dar es Salaam, akaonana na Nyerere, akapewa barua ya kumruhusu kutoka nchini na kurudi. Akaendelea hadi Addis Ababa kwenye mkutano, na baadaye mwaka huo akapewa mafunzo ya kijeshi nchini Ethiopia. Alikuwa na pasipoti ya Ethiopia yenye jina lisilo lake, David Motsamayi. Jina lake la kweli ni Nelson Mandela. Aliporudi kwao alikamatwa, na katika kifungo cha miaka mitano alichohukumiwa Novemba 1962, miaka miwili ilikuwa ya kosa la kutoka nchini bila pasipoti.

Motsamayi maana yake ni mtembezi. Leo mtembezi wa Ethiopia anapita Mbeya akielekea nchi iliyokombolewa na mtu yule, hana barua ya mtu yeyote.

Na Kongwa! Kongwa ileile ya Chitego. Tangu katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na kambi za wapigania uhuru hapo: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO, SWAPO na wengineo. Vijana waliotoroka kwao bila kibali, wakavuka mipaka usiku, wakalala vichakani, wakafika kwetu wakiwa na vumbi na malengelenge, na wanakijiji wa Ugogo wakaambiwa na serikali kwamba hao ni ndugu. Wakawauzia kuku, wakaoana nao. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kumhifadhi mtu wa ANC. Walioishi wakati huo wanakumbuka ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo zilianza na imani kwamba binadamu wote ni ndugu na Afrika ni moja. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi.

Nini kilitokea baada ya hapo? Mengi, na si yote ya kulaumiwa. Mwaka 1994 Ngara ilimezwa na mamia ya maelfu ya Wanyarwanda kwa siku chache. Nchi maskini ikabeba mzigo ambao nchi tajiri ziliulipia kwa kusuasua. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwa nguvu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikawafungia waliobaki ndani ya kambi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondolewa, wakiwamo watu walioishi Tanzania miongo mingi, waliooa hapa na kuzika wazazi wao hapa. Mke akabaki Karagwe, mume akavushwa Rwanda. Unaweza kupinga sera hiyo, kama ninavyoipinga, na bado ukaelewa uchovu ulioizaa.

Lakini Mhabeshi wa Singida si wa Ngara. Yeye hataki ardhi yetu, hataki kambi, hataki hata kukaa hadi Jumapili. Anachotaka Tanzania ni kuiacha nyuma. Sisi ndio tunaomkamata na kumbakiza.

Tunambakiza kwa gharama zetu. Kosa la kuingia nchini bila kibali lina faini isiyopungua Sh500,000, au jela. Hana laki tano. Alichokuwa nacho amekichukua dalali. Anaingia jela. Kifungo kinakwisha, na hapo ndipo mkasa unapoanza, kwa kuwa hawezi kuachiwa mtaani na hakuna nauli ya kumrudisha kwao. Anaendelea kulala palepale, akila maharage ya walipa kodi wa Tanzania, akisubiri ndege. IOM imekuwa ikiwarudisha baadhi yao kwa hiari, kundi kwa kundi, kadiri wafadhili wanavyotoa fedha. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipomtembelea Rais Magufuli nyumbani Chato, Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza ya Tanzania. Magufuli hakuwa mtu wa kudekeza wavunja sheria, kila mtu anajua. Hata yeye aliiona hesabu hiyo haina faida kwa nchi. Watu 1,789 ni kijiji kizima, tulikuwa tukikilisha, kukivisha na kukilinda kwa sababu kilitaka kupita.

Nimewahi kumweleza haya rafiki yangu mmoja aliyestaafu jeshini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa mwalimu, lakini katika hao watatu chini ya mti, utajuaje yupi ana bunduki?" Ni swali la haki, na simdharau anayeliuliza. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Biashara ya kusafirisha watu ni biashara ya kikatili. Madalali hao hao huwateka abiria wao njiani na kuwapigia wazazi simu kudai pesa zaidi. Sheria ya 2008 ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu ilihitajika, na walioitunga walifanya vyema kumtambua mhanga kuwa mhanga. Wale watatu wakaguliwe, waandikwe, wahojiwe. Nilimjibu rafiki yangu kwamba mtu mwenye bunduki haombi maji kwa kiganja. Alicheka, hakukubali, nami sikutegemea akubali.

Ninachokataa ni kumweka mama wa Itigi katika mizani moja na dalali wa Nairobi. Kinachowatenganisha kinajulikana tangu mwaka 2000, Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa wahamiaji ilipopitishwa: mtenda kosa hilo ni yule anayefanya kwa ajili ya kujipatia fedha au faida nyingine. Kata ya maji haina faida. Tanzania imeiridhia itifaki hiyo.

Ufaransa ilipita njia hii kabla yetu. Huko kuna mkulima anayeitwa Cédric Herrou, ana shamba la mizeituni katika bonde la Roya, karibu na mpaka wa Italia. Waafrika, wakiwamo Wasudani na Waeritrea, walikuwa wakivuka mpaka na kutokea shambani kwake, naye akawalisha, akawalaza, akawapa lifti. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha nje cha miezi minne. Hakunyamaza. Shauri lilifika Baraza la Katiba, na Julai 6, 2018 baraza hilo likasema kwamba udugu, mojawapo ya maneno matatu ya kaulimbiu ya taifa lao, una nguvu ya kikatiba, na kwa hiyo mtu ana uhuru wa kumsaidia mwenzake kwa ajili ya ubinadamu bila kuulizwa kama mwenzake ana kibali. Herrou akaachiwa huru mwaka 2020. Nikisoma habari zake huwaza wakulima wetu wa alizeti wa Iramba na Ikungi. Yeye mizeituni, wao alizeti. Wote kazi yao ni kukamua mafuta ya kula, na wote wamepakana na njia ya watu wenye njaa.

Sisi hatuhitaji kukopa neno hilo Paris. Utangulizi wa Katiba yetu ya mwaka 1977 unasema jamii tunayoijenga inasimama juu ya uhuru, haki, udugu na amani. Udugu ni wa tatu katika orodha, umeandikwa kwa Kiswahili, na haukuwekewa sharti la viza.

Basi ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwa wabunge wa Singida, wa Manyara na wa Dodoma, ambao wapiga kura wao ndio wanaokuta watu chini ya miti alfajiri. Sheria ya Uhamiaji imekwisha kufanyiwa marekebisho, na itafanyiwa tena. Safari ijayo ongezeni vifungu viwili. Kimoja kiseme kwamba mtu aliyempa mwingine maji, chakula, hifadhi ya dharura au msaada wa kumfikisha hospitali, bila malipo, hana kosa. Kingine kiseme kwamba dereva aliyesimamisha gari na kufungua milango watu wakiwa hai, akawafikisha kwenye huduma, hatahukumiwa sawa na aliyewatupa porini. Havitaongeza hata senti moja katika bajeti ya serikali. Na kabla hamjaviandika, pitieni Chitego, muwaulize wazee wa kijiji kile waliona nini asubuhi ile ya Juni.